Oppenheimer Mdogo na Jumba Lisilokataza Kugusa

Jina la Oppenheimer likitajwa, watu wengi hukumbuka bomu. Tangu ilipotoka ile sinema ndefu ya mwaka 2023, hata vijana wa Majengo na Kisauni wasiopenda kusoma historia wanaweza kukusimulia habari za Robert Oppenheimer, yule mtaalamu mwembamba mwenye kofia aliyeongoza kazi ya kuunda bomu la atomiki. Katika sinema hiyo yumo pia mdogo wake, lakini hupita pembeni tu, na mtazamaji asiye makini atamsahau kabla hajafika mlangoni.

Mdogo huyo aliitwa Frank. Kaka aliwaachia walimwengu kitu wanachokiogopa mpaka leo. Frank aliwaachia watoto jumba la makumbusho ambalo ndani yake hakuna anayewaambia wasiguse.

Niseme kwa nini nimemkumbuka. Jirani yangu mmoja ana mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye usonji, yaani ile hali ya maumbile inayomfanya mtoto ayasikie na kuyaona mambo kwa namna yake, asipende kelele za ghafla, na pengine asiseme sana. Mtoto huyu huyajua mambo kwa mikono. Ukimpa kitu atakigeuza, atakinusa, atakigonga sikioni, kisha ndipo atatulia. Siku moja mamake alimpeleka mahali pa kutazamia vitu vya kale, mahali ambapo sitapataja. Mara tatu aliambiwa asiguse, na mara ya nne wakaambiwa watoke. Mama yule aliporudi aliniuliza kama majumba yale yamewekwa kwa ajili ya watoto wa namna gani. Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta, na katika kutafuta ndipo nikakutana na Frank Oppenheimer.

Alizaliwa New York tarehe 14 Agosti mwaka 1912, miaka minane baada ya kaka yake, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani. Baba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, tajiri, na mama alikuwa mchoraji. Ukutani mwa nyumba yao zilitundikwa picha za Van Gogh na Picasso. Robert alikuwa mtoto wa vitabu, mwepesi wa lugha na mwingi wa fikira. Frank alipenda kupiga filimbi, na alikuwa na mikono ya fundi. Laiti angezaliwa hapa kwetu, nadhani wangemkuta kwa waunda majahazi badala ya kumkuta chuoni.

Hata hivyo alimfuata kaka yake katika elimu ya fizikia. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1933, akaenda Cambridge kule Uingereza na Florence kule Italia, kisha akarudi California na kupata shahada ya udaktari mwaka 1939. Mwaka 1936 alikuwa amekwisha kumwoa Jacquenette Quann, aliyejulikana kwa jina la Jackie. Mwanamke huyu ni lazima tumtaje, maana bila yeye hadithi hii isingekamilika.

Mwaka 1937 Frank na mkewe walijiunga na chama cha Kikomunisti. Tusikimbilie kumhukumu. Katika mji wa Pasadena walikokuwa wakiishi palikuwa na bwawa la kuogelea la umma. Watu weusi waliruhusiwa kuoga siku moja tu kwa juma, Jumatano mchana, na kesho yake maji yote yalimwagwa ndipo wazungu wapate maji mengine. Frank na wenziwe walitaka jambo hilo likome, nacho chama hicho kilikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa tayari kulisema. Hawakukaa sana. Kabla Marekani haijaingia vitani mwaka 1941, walikuwa wamekwisha kujitoa.

Vita vikawachukua ndugu wote wawili. Frank alifanya kazi ya mitambo ya kuchuja madini ya urani, na mwaka 1945 akapelekwa katika jangwa la New Mexico kusaidia matayarisho ya jaribio la bomu la kwanza. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutafuta njia ambazo watu wangekimbilia jangwani iwapo mambo yangeharibika. Alfajiri ya tarehe 16 Julai yeye na kaka yake walilala chini pamoja, wakauona ule mwanga. Siku ishirini na moja baadaye habari za Hiroshima zilipofika, Frank alikiri kwamba kwanza alishukuru kuwa kitu walichokiunda kilifanya kazi, na kwamba ni baada ya hapo tu ndipo alipowafikiria watu waliokuwa chini yake. Kuanzia siku hizo hakuacha kusema kwamba wananchi wa kawaida ni lazima waelewe mambo ya sayansi, ama sivyo wachache watawaamulia.

Baada ya vita akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mambo yalimwendea vyema. Yeye na wenziwe walirusha maputo makubwa yaliyobeba vyombo hadi juu sana angani, na mwaka 1948 wakatambua kwamba katika miale inayotoka anga za mbali zimo pia chembe nzito ambazo hazikuwa zimejulikana. Angeendelea hivyo, huenda leo tungemkuta katika vitabu vya fizikia peke yake.

Lakini hapa pana doa, nami sitalifuta. Mwaka 1947 gazeti moja la Washington lilipoandika kwamba aliwahi kuwa Mkomunisti, Frank alikana. Alisema uwongo. Mwezi wa Juni mwaka 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti, akala kiapo, akasema kweli juu yake mwenyewe na mkewe. Alipotakiwa awataje wengine, alikataa katakata. Siku zile wapo waliojiokoa kwa kutaja majina ya marafiki. Chuo kikamtaka ajiuzulu, akajiuzulu, na milango yote ya vyuo na maabara nchini mwake ikafungwa. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Waliuza picha moja ya Van Gogh aliyorithi kwa babake, wakanunua shamba la mifugo karibu na mji mdogo wa Pagosa Springs, milimani Colorado. Hawakujua lolote juu ya ng'ombe. Walijifunza kwa majirani na kwa vitabu, wakazalisha ndama usiku kwenye theluji, huku maofisa wa upelelezi wakija mara kwa mara kuwauliza majirani Oppenheimer anafanya nini na anatembelewa na nani. Majirani walizoea. Mwishowe wafugaji wenziwe walimchagua awawakilishe katika chama chao. Mwaka 1954 kaka yake naye alinyang'anywa idhini ya kujua siri za serikali, na hivyo ndugu wote wawili wakawa wamewekwa kando.

Mwaka 1957 alipata ruhusa ya kufundisha sayansi katika shule ya sekondari ya pale Pagosa Springs. Shule ilikuwa ndogo na vifaa hapakuwa. Basi aliwachukua wanafunzi akawapeleka jalalani, wakaokota mota zilizoungua, spring'i, magurudumu na nyaya, wakarudi navyo darasani kuvifungua na kuuliza kila kipande kazi yake ni nini. Mtu anayepita Gikomba au kwa mafundi wetu wa jua kali ataelewa mara moja. Wanafunzi wale, watoto wa wafugaji, walianza kushinda katika mashindano ya sayansi ya jimbo zima.

Kutoka hapo akarudishwa chuoni, Chuo Kikuu cha Colorado, mwaka 1959. Lakini hakuwa tena mtu yule wa zamani. Aliunda vyombo vya majaribio vikakaribia mia moja, akavipanga mahali pamoja kama vitabu vya maktaba, ili mwanafunzi aingie saa yoyote, achague jaribio, alifanye, alirudie. Mwaka 1965 alikwenda London kwa masomo, na huko Ulaya alitembelea majumba makubwa ya sayansi, la South Kensington, la Paris na la Munich. Aliona vyombo vya kubonyeza na kuzungusha, aliona watoto wamevijalia, na akajua atakalofanya katika umri wake uliobaki.

Jijini San Francisco palikuwa na jengo kubwa lililosalia kutoka maonyesho ya dunia ya mwaka 1915, likiitwa Palace of Fine Arts. Ndani lilikuwa tupu, refu kama bohari la bandarini. Frank na Jackie waliliomba, wakapewa kwa kodi ya dola moja kwa mwaka. Katika msimu wa vuli wa mwaka 1969 walifungua milango. Hapakuwa na sherehe wala hotuba. Vitu vya kuonyesha vilikuwa vichache, na watu wakaanza kuingia. Jumba liliitwa Exploratorium, na kwa miaka ya mwanzo kuingia kulikuwa bure.

Sasa nikuelezee, msomaji, jumba hili lilivyokuwa, maana hapa ndipo penye kiini. Mtu akiingia hakukuta kwanza kabati la kioo. Alikuta karakana, mafundi wakichoma vyuma na kupiga randa mbele ya macho ya wageni, maana Frank hakutaka kificho katika namna vitu vinavyotengenezwa. Hapakuwa na njia iliyochorwa chini ya kufuatwa na wote. Mtoto aliweza kukaa mbele ya kitu kimoja mchana kutwa, na mwingine akapita mbio akitazama kila kitu kwa dakika moja. Frank hakupenda vyombo vya kuuliza swali na kuwasha taa nyekundu ukikosea. Alishikilia kwamba mtu huweza kuanguka mtihani shuleni, lakini makumbusho hayana mtihani wa kumwangusha.

Kulikuwa na uzito mkubwa ulioning'inia kutoka juu, ambao mtu mzima hawezi kuuinua, na kando yake sumaku ndogo zilizofungwa kwenye kamba nyembamba. Ukiishika sumaku iushike uzito, ukavuta kwa nguvu, sumaku hubanduka na uzito haushtuki. Lakini ukivuta polepole, ukaachia, ukavuta tena kila uzito unaporudi kwako, baada ya muda ule mzigo huanza kuyumba kama bembea ya Idi. Mtoto aliyekwisha kumsukuma mwenziwe kwenye bembea analijua jambo hili bila kuambiwa. Palikuwa na kibao cha kuzunguka: unasimama juu yake, unazungushwa, ukikunja mikono kifuani unakwenda kasi, ukiinyoosha unapungua. Palikuwa na mwanga wa jua uliopitishwa katika vioo ukatapakaa ukutani rangi zote, kazi ya msanii Bob Miller, na mtoto akipita katikati mwili wake ndio unaochora. Mwaka 1971 August Coppola, ndugu yake mtengeneza sinema Francis Coppola, alijenga humo kuba lenye giza totoro, mtu anatambaa ndani akijiongoza kwa kupapasa.

Kisha palikuwa na jicho la ng'ombe. Jicho halisi la machinjioni, likipasuliwa mezani mbele ya watoto. Kwanza hupiga kelele na kuziba pua. Baadaye husogea. Hutolewa lenzi, ndogo, angavu kama tone la maji, na mtoto huiweka juu ya gazeti akaziona herufi zimekuwa kubwa. Sisi Waislamu tuna haki ya kukumbuka hapa kwamba elimu hii ya mwanga na macho ilikuwa na mlezi wake mkuu, Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, ambaye katika kitabu chake cha mambo ya kuona hakuridhika na kauli za wakubwa mpaka amejaribu mwenyewe kwa chumba cha giza na tundu la mwanga. Frank alijenga jumba lake juu ya msingi huo huo wa kuona, kusikia na kugusa, na watu wakajiuliza wenyewe macho yao yanawaambia nini.

Aliyekuwa akilipasua lile jicho hakuwa profesa, bali mwanafunzi wa sekondari. Frank aliwaajiri vijana wa mji ule, wa rangi zote na wa mitaa yote, akawaita waelezaji. Hakuwachagua waliofuzu sana tu. Mara nyingi alimtaka hata yule asiyeelewana na walimu wake, maana aliamini kwamba kijana anayejifunza kitu jana ndiye anayejua leo mwenziwe atakwama wapi. Kazi yao haikuwa kulinda vitu wala kukemea. Kitu kikivunjika, na vilivunjika kila siku, kilipelekwa karakanani na kurudishwa kikiwa imara zaidi. Nadhani hapa ndipo tofauti ilipo. Mahali pengine mtoto akivunja kitu kosa huwa lake. Kwa Frank kosa lilikuwa la fundi aliyekiunda dhaifu.

Jackie ndiye aliyesimamia maandishi na picha za jumba, akikata maneno magumu mpaka yakabaki yale ambayo mzazi anaweza kumsomea mwanawe. Na hawakuweka siri. Kuanzia mwaka 1975 walichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kuunda vyombo vyao, kama kitabu cha mapishi, ili mtu yeyote duniani aige. Wakaiga, katika nchi nyingi.

Nirudi kwa yule mtoto wa jirani yangu. Sitaki kumpamba Frank kwa asilofanya. Usonji ulielezwa mara ya kwanza kwa Kiingereza mwaka 1943 na Dakta Leo Kanner, katika Johns Hopkins ile ile aliyosoma Frank, lakini kwa miaka mingi baadaye madaktari wengi waliwalaumu akina mama, eti ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Jambo hilo lilikuja kukanushwa kabisa, baada ya kuwaumiza wengi. Jumba la Frank halikujengwa kwa ajili ya watoto hao. Tena lilikuwa na kelele, bati na saruji zikirudisha mwangwi, watoto mia wakipiga mayowe pamoja. Mtoto anayeziba masikio honi ya matatu inapolia angeteseka mle. Lakini aliondoa kizuizi kilicho kikubwa kuliko vyote, kile cha kusimama wima, mikono nyuma, ukisikiliza. Waliokuja baadaye wakaondoa kingine.

Leo yapo majumba kadha wa kadha, kama la sayansi la London na yale ya Smithsonian jijini Washington, yanayotenga asubuhi maalumu kwa familia zenye watoto wa namna hii. Milango hufunguliwa kabla ya umma kuingia. Vyombo vyenye kelele huzimwa, taa kali hupunguzwa. Kabla ya safari mzazi hupewa kijitabu cha picha, hapa ndipo mlango ulipo, huyu ndiye atakayetupokea, hapa kuna chumba cha kupumzikia, ili mtoto asikutane na jambo asilolitarajia. Wafanyakazi hufunzwa kwamba mtoto anayerukaruka na kupepesa mikono huenda anafurahi, si mtukutu. Mambo haya hayahitaji mamilioni. Kufungua saa moja mapema ni ufunguo tu na mtu wa kuushika. Nimemweleza jirani yangu hayo, na amesema yuko tayari kwenda kuomba mwenyewe, mahali pale pale alipotolewa.

Jackie alifariki mwaka 1980. Frank aliendelea, akizungukazunguka jumbani na sigara yake, akirekebisha hiki na kile, akimsimamisha mtoto asiyemjua ili amuulize ameona nini. Katika miaka ile alionekana pia katika filamu ya kumbukumbu za lile bomu, akizungumza waziwazi juu ya alfajiri ya jangwani. Alifariki Sausalito, ng'ambo ya maji kutoka San Francisco, tarehe 3 Februari mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 72.

Jengo la zamani lilikuja kuwa dogo. Mwaka 2013 Exploratorium ilihamia bandarini, Gati namba 15, bohari lililo juu ya maji ya ghuba, ambako kutoka dirishani mtoto huona meli zikipita. Karakana nayo ilihamishwa, ikawekwa tena mahali ambapo wageni wanaiona.